Mzee

Nilicheka, wallahi nilicheka,
ncha ya kanga nimeiuma meno,
siku kile kibao cheusi kilipopita dirishani kwangu:
MZEE HAVILI.
Mzee! Ndevu hana.
Chunusi mbili kidevuni, miaka kumi na tisa,
na tai shingoni, saa saba ya mchana,
Mpendae, joto la kaskazi.

"Ndivyo tunavyoitwa kanisani kwetu," akasema.
Kiswahili chake kimepigwa pasi,
hakina hata kunjo moja la mzaha.
Mwenziwe, Mzee Onchiri, wa Kisii,
alikuwa akitazama viatu vyake.

Hawaachani hao.
Mmoja akienda dukani kwa Vuai kununua sabuni
wa pili yupo mlangoni anahesabu chenji.
Mimi na marehemu mume wangu, miaka thelathini,
hatukupata kuongozana hivyo.

Niliwatilia chai ya maziwa,
iliki nimeitwanga kwa mkono wangu.
Hawakuigusa.
Na kahawa ya Ussi pale barazani, "ahsante, hatunywi".
Nikasema, basi wanatuona najisi.
Nikanuna siku tatu.
Ya nne kaja Onchiri na vikombe vyangu, vimeoshwa,
kunieleza kuwa majani ya chai kwao ni marufuku.
Chai! Duniani kuna mengi.
"Na tangawizi?"
Wakatazamana. "Tangawizi halali,"
akasema Havili, na hiyo halali aliitamka polepole,
kama mtoto anayevuka barabara.

Bomba letu hutoa maji alfajiri, likipenda.
Natoka na madumu, adhana haijamalizika,
taa yao inawaka, pazia fupi:
namwona amepiga magoti, paji la uso kwenye godoro.
Nageuza macho. Mtu na Mola wake.
Nikirudi kutoka kuswali madumu yangu yamejaa,
yamepangwa mlangoni, na shati lake jeupe
lina alama ya kutu begani.
Habari za Mungu wake hakuniuzia,
nami sikumuuliza bei.
Ila najua kila Jumapili ya mwanzo wa mwezi hafungui kinywa,
hata maji,
na pesa ya chakula kile huwapa wasio nacho.
Hilo nimemwekea moyoni.

Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na ya kuongea na nyumbani.
Jumatatu ile nguo zilibaki kwenye beseni,
mapovu yakapasuka yote.
"Bibi aliyenilea amefariki," akasema. "Jumanne asubuhi."
Nikamwambia, mwanangu, leo Jumatatu.
Akasema, kwetu Tonga jua hututangulia.
Kumbe mtu aweza kufiwa kesho
na leo bado hajala.

Kuzika haendi. Miaka miwili ni miaka miwili, kaahidi.

Hitima hatukusoma. Mkeka tulitandika.
Bi Mize alileta uji wa pilipili manga.
Ussi akaja na birika lake la kahawa,
tukatazamana, tukaona aibu kumwambia,
akamimina: tangawizi.
Onchiri aliimba kidogo, chini chini, akaacha.

Yule kijana kakaa anapitisha kidole kwenye ukindu,
ukiri kwa ukiri, kama anasoma.
"Bibi alikuwa akisuka," akasema.
"Kwetu mfiwa hujifunga mkeka kiunoni.
Ukiwa mkuukuu, uliochanika, ndio heshima."

Nikaingia ndani.
Ule wa mama yangu, aliousuka Pemba, Kojani,
umeliwa na panya pembe mbili,
nilikuwa nautandika chini ya gunia la mchele.
Nikaukung'uta.
Akajifunga juu ya suruali yake nyeusi, kwa kamba ya kuanikia nguo,
akasimama kati ya uwanja,
shati jeupe, kibao kifuani.

Wapo watoto waliokuwa wakichungulia ukutani. Hawakucheka.
Ussi alivua kofia, kitu nisichopata kumwona akifanya,
akasema, "Pole, Mzee."

Mkeka hajaurudisha.
Wala sijaudai.